Kocha si mchezaji aliyeshindwa: barua kwa vijana wa raketi wa Mwanza

Wajukuu zangu mnaocheza tenisi hapa Mwanza, hamjambo?

Kuna msemo unaozunguka sana kwenye benchi letu: "Nitacheza tenisi ya kulipwa, ikishindikana basi nitakuwa kocha." Mnausema huku mnacheka, kana kwamba ukocha ni adhabu. Naomba mnisikilize kidogo.

Chukueni mfano wa Bryan Shelton, Mmarekani, mzaliwa wa Huntsville, Alabama, mwaka 1965. Alisoma chuo kikuu cha Georgia Tech huku akiichezea timu ya chuo, akasomea uhandisi wa viwanda, ndipo akaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Alichukua ubingwa wa mashindano ya Newport, Marekani, mwaka 1991, akautetea 1992. Mwaka 1994 pale Wimbledon alimtoa raundi ya kwanza Michael Stich, bingwa wa 1991 aliyekuwa amepangwa wa pili kwa ubora, akaenda hadi raundi ya nne. Nafasi ya juu kabisa aliyowahi kushika duniani ni ya 55.

Wa 55 dunia nzima, na wengi wenu ndiyo kwanza mnalisikia jina lake. Mchezaji wa soka wa kiwango hicho picha yake ingekuwa kwenye mabango hadi Igoma. Kwenye tenisi, wengi walio nje ya mia bora hujilipia wenyewe ndege, hoteli na kufunga nyuzi za raketi. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya kulipwa zawadi zote zikijumlishwa ni dola 15,000, wagawane wachezaji wote. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata ya tiketi ya kurudi kwao. Mzazi anayesita kuuza kiwanja ili mwanawe akacheze mashindano hayo msimwone mshamba. Kapiga hesabu.

Shelton alipoacha kucheza alirudi Georgia Tech mwaka 1999 kufundisha timu ya wanawake. Mwaka 2007 wakachukua ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2012 akahamia Chuo Kikuu cha Florida kwa wanaume, na mwaka 2021 nao wakauchukua. Kabla yake hakuna kocha aliyekuwa ameubeba ubingwa huo pande zote mbili. Mwaka 2023 aliacha kazi ya chuo akawe kocha wa mwanawe, Ben, na mwaka huohuo kijana akafika nusu fainali ya US Open. Habari ya Ben ndiyo inayopendwa mitandaoni. Mimi naitazama zaidi ile miaka ya Georgia Tech, akilea mabinti wa watu wengine.

Maana kazi yenyewe si ya kukaa kitini. Mechi ya vyuo huanza na jozi tatu za wawili wawili, zinazogombea pointi moja. Kisha wachezaji sita wanacheza kila mmoja na mpinzani wake, kila mechi pointi moja, kwa kawaida wote kwa wakati mmoja, na timu ya kwanza kufikisha pointi 4 imeshinda. Kocha anazunguka viwanja vyote hivyo. Huyu ana hasira, yule ameanza kuogopa, wa tatu ana mtihani kesho. Kila mmoja anahitaji neno lake.

Yupo binti mmoja kati yenu (hataki nimtaje) anayewafundisha wadogo. Mchana upepo wa ziwa ukianza, mpira wa sevu, lile pigo la kuanzisha pointi, wakiurusha juu unapeperuka, wanapiga hewa. Hawafokei. Anawaambia warushe chini kidogo, mpira usikae sana hewani, na wasogeze mguu nusu hatua. Huyo kazi ameshaianza.

Kwa hiyo anzeni kujifunza ukocha mkiwa bado mnacheza, na msiiache shule. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya vijana, wawili wawili, mwaka 2022. Pamoja na sifa zote hizo, baadaye alikwenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Wa Mwanza mwenye alama mbovu za kidato cha nne anategemea mlango gani?

Vyuo hivyo vinaangalia matokeo ya shule, Kiingereza, rekodi ya mashindano, na video. Wanaangalia pia muda uliopita tangu umalize sekondari, kwa hiyo kukaa nyumbani miaka ukisubiri bahati kunakupunguzia nafasi. Nauli ya kwenda Dar, au kuvuka Sirari kwenda Nairobi kutafuta mechi, tuanze kuichangia mapema. Msisubiri wiki ya mashindano ndipo mniletee daftari la michango.

Jumamosi nitakuwa uwanjani kuanzia saa moja asubuhi. Walio kidato cha tatu na cha nne waje na ripoti zao za shule, na mzazi atakayeweza kufika aje. Mwenye simu yenye kamera nzuri aichaji usiku, turekodi mechi moja nzima, bila kukatakata, na yale makosa yote yaonekane.