Barua kwa mwanangu: kabati, vizibo na swali la nne

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Korogwe. Sisi hatujambo, bibi yako mguu unamsumbua kidogo ila anatembea. Nimeona nikuandikie, maana juzi kwenye simu ulikuwa unalia, nami nikaishia kusema "usijali mama, yatapita." Nilipokata simu niliona mwenyewe kwamba maneno yale hayakuwa na chumvi.

Umepata 9 kati ya 20 kwenye jaribio la kuandika programu za kompyuta. Wenzako, unasema, wanaandika programu tangu sekondari, na wewe kibodi umeizoea mwaka huu huu. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo hili utaomba kuhama kozi. Halafu ukanitumia picha ya karatasi ya jaribio. Sidhani kama ulitegemea nitaisoma. Nimeisoma siku tatu, miwani puani.

Unajua kazi iliyokulisha: miaka 27 masijala. Wiki yangu ya kwanza nilitumwa jalada namba 640. Nikaanza kupekua kutoka namba 1, moja baada ya jingine, jasho linanitoka. Mama mmoja aliyekuwa mkubwa wangu akanitazama weee, kisha akasema, "Kijana, hayo yamepangwa. Fungua katikati." Nikafungua, nikakuta 500. Basi yote yaliyo kabla ya 500 nikaachana nayo. Nikagawa tena yaliyobaki, tena na tena. Majalada 1,000 kwa njia hiyo hayakupitishi hatua kumi. Yakiwa milioni moja, hatua ishirini. Nilidhani ni ujanja wa makarani, kumbe ndilo swali lako la pili, mmelipa jina zito tu.

Sasa tazama ulipokosea. Walikupa 14, 3, 22, 8, 19, wakataka uitafute 8. Ukafungua katikati, ukakuta 22. Ukasema 8 ni ndogo, niende kushoto. Kushoto kuna 14 na 3, ukaandika "haipo". Ipo, mama, imekaa kulia! Kabati lile halijapangwa, na katikati ya kabati lililovurugika haikuambii kitu. Kosa hilo halihusiani na kibodi hata kidogo. Hata aliyezaliwa na kompyuta kitandani angelifanya asipotulia.

Swali la tatu ndilo lililonifurahisha. Alama tano zimepangwa, programu izijumlishe. Nikachukua vizibo vitano vya soda, nikavipanga mezani, nikaandika chini yake 0, 1, 2, 3, 4 kama karatasi inavyosema. Kwanza nilikasirika: nani anahesabu kuanzia sifuri? Mdogo wako akanituliza. Akasema, baba, namba hiyo haisemi ni kizibo cha ngapi, inasema umeruka vingapi kukifikia. Ukishuka kwenye basi, kufika nyumba ya kwanza unaruka nyumba ngapi? Hakuna. Nikamwelewa.

Nikaweka kidole kwenye kizibo cha kwanza, nikaanza kusoma programu yako mstari kwa mstari. Umeandika irudie mradi i, yaani ile namba ya kizibo, haizidi 5 (i <= 5). Sifuri, moja, mbili, tatu, nne, vizibo vikaisha. Lakini 5 haijazidi 5, kwa hiyo ikaenda tena, na kidole changu kikaangukia meza tupu. Nasikia C, hiyo lugha ya programu mnayotumia, haipigi kelele lazima. Inaweza kuokota chochote ilichokikuta pale mezani na kukijumlisha. Ndiyo maana jumla yako ilitoka ya ajabu. Ungeandika i iwe chini ya 5 (i < 5), basi, imekwisha. Alama nne zimepotea kwa alama ya usawa moja.

Ninachokuomba ni hiki: kabla hujagusa mashine, iendeshe programu kwa mkono. Chora visanduku, andika thamani, futa, andika upya. Wenzako wanaokutisha wengi wao wanajua kuchapa haraka, na hilo nawe utalipata kabla ya mwaka kwisha. Kompyuta mpakato tutanunua bumu, yaani mkopo wako wa chuo, likiingia na mahindi yakiuzwa; hadi hapo tumia za maabara, na karatasi.

Mdogo wako amenisomea kwenye simu kuhusu yule Mwingereza, Alan Turing. Mwaka 1936 aliandika jinsi mashine inavyoweza kukokotoa, wakati mashine zenyewe za namna hiyo hazijakuwapo. Alianza kwa kumfikiria mtu aliyekaa na karatasi yenye miraba, anasoma alama, anafuta, anaandika, anahamia mraba mwingine. Na wakati ule kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu: karani wa kukokotoa. Nilimwambia arudie kusoma hapo. Mama yako anasema tangu siku hiyo nimevimba kichwa.

Mzigo wako nimeukabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Kuna maharage, chupa ya asali, na kalenda za zamani ambazo migongo yake ni myeupe. Chorea visanduku vyako humo. Vizibo vitano nimevifunga kwenye kitambaa.

Imebaki swali la nne, kile kipande cha programu mnachokiita kazi, kinachojiita chenyewe ili kuzidisha namba kwa zote zilizo chini yake hadi 1. Wameuliza ya 5. Nimezidisha 5 kwa 4 kwa 3 kwa 2 kwa 1, nimepata 120, na naona nawe umepata 120, hongera. Lakini kila ikijiita inamwachia mwenzake kazi iliyobaki na kumsubiri, na huyo mwenzake naye anamsubiri mwingine. Nimejaza karatasi mbili za wanaosubiriana. Ni mstari upi unaomwambia wa mwisho asimwite mtu tena? Nipigie Jumamosi baada ya saa tatu usiku unieleze, nitakuwa na kalamu.

Baba yako