YAH: Malalamiko kuhusu foamu zenu mbili za kulalia, na jinsi nilivyolazwa sakafuni dukani kwenu

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Natumaini biashara inaenda vizuri, maana kwa upande wangu mimi siko vizuri na ndo maana naandika.

Nimeshapiga simu mara nne. Ya kwanza nikaambiwa bosi yuko kikaoni, ya pili mtandao unasumbua, ya tatu nikasikia kabisa mtu pembeni anasema "ni yule mama wa foamu" halafu simu ikakatika, ya nne haikupokelewa. Basi nikaona niandike, barua haikatiki katikati.

Kibandiko cha kurudisha bidhaa ndani ya siku 14 kiko hapo kaunta kwenu, mmekibandika wenyewe, siwezi kuwasomea. Mimi nilirudi siku ya 9, na risiti mkononi, na foamu zote mbili zimekunjwa vizuri. Shilingi 48,000 kila moja, jumla 96,000. Hizo ndo ninazodai. Ingekuwa hela tu tungeshamalizana, lakini sio hela tu na nyie mnajua sio hela tu.

Niseme kwanza kuhusu foamu maana yule kijana wenu alikuwa anarudia rudia "mama nyembamba lazima ipitishe baridi" kama vile mimi nimetoka kijijini jana nikadhani nanunua godoro la nchi sita. Kijana, foamu nyembamba nimeanza kulalia wewe ukiwa shule ya msingi. Mimi ni fundi cherehani, begi langu la mgongoni nimeshona mwenyewe, na likiwa na kila kitu isipokuwa chakula na maji halifiki kilo tano na nusu. Wanaotembea na mizigo myepesi wanajua kwanini mtu anachagua foamu ya milimita sita badala ya godoro la kupuliza. Foamu haivuji upepo, ikichomwa na mwiba inaendelea na kazi, ukiikunja ndani ya begi inakuwa ndo mgongo wa begi, ukipumzika njiani unaikalia. Ulaini hauna, na hakuna aliyeuomba. Kazi yake ni moja, kukutenganisha na ardhi, kwa sababu slipingi begi hata iwe nzuri vipi ile sehemu unayoilalia inagandamizwa na uzito wako na haishiki joto tena, ardhi inakunyonya usiku kucha. Ndo maana nilichukua mbili nizipandanishe, maana ile namba ya R ya kuzuia baridi huwa inajumlishwa, ukilaza moja juu ya nyingine unapata zote mbili. Kwenye karatasi yenu mmeandika R ni 1, milimita 6, gramu 95. Nikapiga hesabu, moja jumlisha moja, nikavaa soksi mbili, nikaenda Kitulo mwezi wa saba.

Kitulo mwezi wa saba mnaijua? Nyie si watu wa huku. Pale juu ni kama mita 2,600 na asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Tulipanda na gari hadi Matamba kwa ile njia ya kona hamsini na saba kutokea Chimala, tulikuwa watatu pamoja na mwongozaji. Hadi saa nne usiku nilikuwa najiambia ni uchovu tu. Saa sita nikavaa nguo zote nilizokuwa nazo. Saa nane nikatoa kila kitu kwenye begi nikalilalia, nikaweka na koti la mvua chini, viatu vikaingia chini ya magoti, na bado nyonga zangu zilikuwa kama zimewekwa juu ya jiwe la mto. Nikawasha tochi nikaangalia foamu, pale nilipolalia imebaki kama karatasi ya chapati. Mwenzangu amelalia foamu yake kuukuu ya kijivu, moja tu, imekatika pembeni, anakoroma! Kuanzia saa tisa mimi nilikaa kitako hadi kukapambazuka, nimekumbatia chupa ya maji ya moto aliyonichemshia mwongozaji, Mungu ambariki, yeye ndo alinihudumia kuliko duka lote.

Niliporudi nikaipima. Jirani yangu ni fundi wa injini ana vernia ya kupimia unene, akaibana kwenye ukingo ambao haujalaliwa, milimita 4. Pale kwenye nyonga haifiki 2. Nikaweka kwenye mzani wa unga, gramu 46. Zote mbili kwa pamoja ni 92, yaani hazifikii hata ile 95 mliyoandika kwa moja! Na hapa nikiri ujinga wangu, siku nimenunua niliishika nikaona nyepesi kuliko nilivyotegemea nikafurahi, nikasema leo nimeokota dodo chini ya mnazi, maana sisi wa mizigo myepesi ukitupunguzia gramu hamsini tunakuchukulia kama umetupa zawadi. Miaka 26 nashika vitambaa, ukinipa hata gizani nakuambia ni nini, na siku hiyo vidole vilikuwa vinaniambia nikavikatalia. Ile sio foamu ya kulalia. Foamu ya kweli ina vitundu vidogo kabisa vilivyofungwa, ukiibonyeza kwa kucha inarudi. Hii yenu ina malengelenge makubwa, ukibonyeza inalia tik tik na hairudi ng'o. Ndo ile ile inayozungushiwa TV kwenye boksi, imepakwa rangi ya kijani ikabandikwa nembo.

Basi nikaja dukani. Nilikuja kwa adabu kabisa, nimevaa gauni la kitenge maana nilikuwa nimetoka kupeleka nguo za mteja. Nikamweleza msimamizi wa zamu, akaichukua foamu akaigeuza geuza, akasema kona zimekatwa kwa hiyo hairudishwi. Ni kweli moja nilipunguza kona kwa mkasi, kila anayetumia hivi vitu anakata kona, je kona nne ndo zimefanya katikati iwe milimita mbili? Na ya pili haijaguswa hata na sindano, mbona hiyo hakuitaja? Nilipouliza hivyo ndo akasema, kwa sauti ya duka zima kusikia, "Mama hebu lala hapa tuone shida iko wapi."

Mimi nikadhani ndo utaratibu wenu. Nikavua viatu, nikatandika foamu pale kwenye vigae karibu na mlango, mtu mzima wa miaka 54, nikalala chali mbele ya wateja. Na niwaambie, hata pale, saa tano asubuhi, ubaridi wa vigae ulinipanda mgongoni kabla sijamaliza kunyoosha miguu, kwa hiyo kama lilikuwa jaribio, foamu yenu ilifeli palepale. Ila halikuwa jaribio. Kijana wa kaunta alikuwa ameshika simu ameinyanyua. Wakacheka. Msimamizi akasema "umri huu mama unatafuta nini porini, si ulale kwako na blanketi."

Kuhusu umri, tuongee kidogo. Kuna bibi wa Marekani anaitwa Emma Gatewood, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea peke yake Appalachian Trail yote, zaidi ya kilomita 3,000, amevaa raba, amebeba mfuko aliojishonea mwenyewe wenye blanketi na pazia la plastiki la bafuni, hema hana. Angepita kwenu mngemlaza na yeye sakafuni.

Siku nanunua, huyo huyo msimamizi aliniita "mama mkubwa", akanibebea hadi nje, akaniambia hizi ni mzigo mpya kutoka nje, zimebaki chache. Sijui kwanini nalikumbuka hili sasa hivi ila linanikera kuliko nilivyodhani.

Narudi pale sakafuni kwa sababu kuna kitu sijakisema. Nilivyosikia wanacheka nilitaka kuinuka, nikawa nimeshainua kichwa, na yule wa simu akaniambia "subiri mama usiamke bado." Usiamke bado! Alikuwa hajapata picha vizuri. Na mimi, sijui ni mshtuko sijui ni nini, nikarudisha kichwa chini. Nikalala pale kama sekunde kumi nyingine natazama taa ya dari, gauni nimelishika kwa mikono miwili lisipande, nasikia vicheko na mlio wa mashine ya risiti. Hilo ndo linaloniamsha usiku, sio baridi ya Kitulo. Kitulo nilikaa kitako nikajitetea. Kwenu niliambiwa nisiamke na nikatii. Nilipoinuka goti likalia, nikashika rafu ya majiko ya gesi, hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyenipa mkono, aliyenisogezea viatu ni mtoto wa mteja, wa miaka kama sita saba hivi.

Sasa ninachotaka. Mwanzoni nilitaka 96,000 yangu tu na neno samahani. Baada ya ile simu ya tatu nataka 96,000, nauli yangu ya kuja na kurudi, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe meneja, sio ya msimamizi. Nataka pia mniandikie kuwa ile video imefutwa kwenye simu ya kijana na popote alipoirusha, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kuna Tume yake, na mimi sikumpa mtu ruhusa ya kunirekodi nimelala. Binti yangu amenisaidia kuandaa maelezo, yako tayari, hayajatumwa tu.

Na zile foamu zitoeni kwenye rafu. Hili halihusu hela yangu. Kuna kijana atanunua hiyo hiyo apande nayo Rungwe au Kilimanjaro akiamini hiyo R yenu, na yeye pengine hatakuwa na mtu wa kumchemshia maji. Kuandika milimita 6 kwenye kitu cha milimita 4 ni kumdanganya mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza. Tume ya Ushindani nitawafikia, TBS wa viwango nao nitawapelekea kipande, nimeshakikata kutoka kwenye ile iliyokatwa kona, si mlishasema hairudishwi.

Nilitaka kuwapa siku saba. Nimeisoma tena barua hii nimefika pale pa "usiamke bado" nimebadilisha, nawapa siku tatu za kazi kuanzia mtakapoipokea, na atakayeipokea atasainishwa.

Dukani sirudi. Foamu iliyobaki nzima iko kwangu, mkiitaka njooni mwichukue na hela mkononi, na huyo msimamizi awepo. Sakafu yangu ni ya saruji, nimeipiga deki vizuri, nitamtandikia hapo mlangoni. Simu sitashika.

Ni mimi,
Yule "mama wa foamu"