Mshauri anayeuliza badala ya kujibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu wa barua kwamba, baada ya kufiwa na mkewe na kukosa usingizi kwa miezi, alikwenda kwa mshauri nasaha, akaulizwa maswali karibu saa nzima, akalipa, kisha akarudi nyumbani bila kuambiwa la kufanya. Alimalizia kwa kusema kwamba hatarudi tena. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi hapa Tanga, na kwa maelezo yake sioni kosa katika maswali aliyoulizwa. Kosa ninaloliona ni kwamba hakuna aliyemweleza maswali yale yalikuwa ya nini, wala kwamba kile kilikuwa kikao cha kwanza tu kati ya vingi.

Wengi wetu tumezoea kupeleka shida zetu kwa shangazi, kwa somo, kwa sheikh au kwa padri, ambao husikiliza kidogo kisha wakatuambia cha kufanya, kwa kuwa wanatujua sisi, ndoa zetu na hata ugomvi wa wazazi wetu. Ushauri wa kitaalamu nao wengi waliuonja kwa mara ya kwanza katika vituo vya kupima virusi vya Ukimwi, ambako mazungumzo yalikuwa mafupi na majibu yalitoka siku ileile. Mtu akija na mazoea hayo, akakutana na mgeni anayemuuliza analala saa ngapi na chakula kinapita vipi, ana haki ya kuhisi kwamba amepotezewa muda wake.

Ukweli ni kwamba kikao cha kwanza, ambacho kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa moja, ni cha kufahamiana na kupima hali. Mshauri atauliza shida ilianza lini, unaishi na nani, unakunywa pombe kiasi gani, unatumia dawa gani, na kama umepimwa damu karibuni, kwa sababu upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kumchosha mtu na kumfanya afanane kabisa na mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wengine hutumia fomu yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo kila jibu lake hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Swali la tisa linahusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Hapo ndipo watu wazima hukunja uso na kunijibu, "Mimi ni mtu wa dini, mwanangu." Swali hilo huulizwa watu wote, wenye dini na wasio nayo, na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; aliyekuwa nalo mara nyingi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia.

Baada ya hapo ndipo njia ya tiba huchaguliwa, na njia hizo hazifanani. Iliyoenea zaidi leo ilianzishwa na daktari Mmarekani, Aaron Beck, huko Philadelphia katika miaka ya 1960, nayo hushughulika na mawazo yanayomjia mtu haraka na ambayo huyaamini bila kuyahoji. Mfanyabiashara wa soko la Mgandini hapa Tanga anayejiambia kwamba wateja wamemkimbia kwa sababu ana nuksi ataombwa aandike, siku hadi siku, nani alikuja, nani hakuja, na siku ile kulikuwa na nini sokoni. Anayechagua njia hii ajue kwamba atapewa kazi ya kufanya nyumbani, na asipoifanya vikao havitamsaidia sana. Njia nyingine, ya mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, humwachia mteja mwenyewe aongoze mazungumzo, na mshauri wake hutoa maelekezo machache mno. Kwa mtu aliyekuja kutafuta jibu, hii ndiyo inayokera kuliko zote, na binafsi simwanzishii mtu bila kumweleza kwanza.

Kwa msomaji wetu aliyefiwa na mkewe, hata hivyo, ningefikiria njia ile inayotazama mahusiano ya mtu na watu wake, kwa sababu kufiwa ni mojawapo ya mambo manne inayoyashughulikia, pamoja na migogoro, mabadiliko makubwa ya maisha na upweke. Njia hii ilijaribiwa katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, maeneo yaliyoumizwa sana na Ukimwi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi, na sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo. Naitaja hasa kwa sababu ya hizo wiki 16. Hakuna aliyetarajia kwamba mtu aliyezika mwenzake angepata nafuu kwa kikao kimoja.

Ajue na hili pia, ambalo washauri wengi hulinyamazia kwa kuogopa kuwapoteza wateja: baada ya kikao cha pili au cha tatu mtu anaweza kujisikia vibaya kuliko alivyokuja, kwa kuwa amelitaja jambo ambalo amelificha kwa muda mrefu. Hali hiyo ikimpata, amweleze mshauri katika kikao kinachofuata, asiache kuhudhuria kimyakimya.

Kuhusu siri, ambayo ndiyo hofu kubwa katika miji yetu midogo, mshauri hatakiwi kuyatoa nje uliyomwambia, hata kwa mumeo au mkeo aliyekulipia. Mimi nikikutana na mteja wangu harusini simwanzi kumsalimia, namwachia yeye aamue kama tunajuana, na wapo walionidhania nina majivuno. Lakini siri ina mipaka, nayo inapaswa kutajwa siku ya kwanza kabla mtu hajafungua kinywa: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mshauri hawezi kunyamaza, na mtoto akiwa anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka kutoa taarifa. Vilevile mshauri haandiki dawa za sonona. Zikihitajika atakupeleka kwa daktari, na kupelekwa huko si ishara kwamba umeonekana mwendawazimu.

Msomaji wetu basi arudi, na kama yule wa kwanza hakumpendeza, aende kwa mwingine, maana kubadilisha mshauri si utovu wa adabu. Akifika aulize mapema anatibiwa kwa njia gani, vikao vinakadiriwa kuwa vingapi, kila kimoja kinagharimu kiasi gani, na watajuaje kwamba anaendelea vizuri. Mshauri anayekasirishwa na maswali hayo hamfai. Asiyemudu gharama za binafsi aanzie hospitali ya wilaya au ya mkoa, aulizie kitengo cha afya ya akili au afisa ustawi wa jamii.

Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba uitazame upya safu ya ushauri katika gazeti lako, ambayo humjibu mtu mwenye ndoa ya miaka 20 kwa mistari minne na kumwambia aachike. Kama haiwezekani kuirefusha, basi chini yake uchapishwe mstari unaosema kwamba jibu hilo limetolewa bila mwandishi kumwona mwulizaji wala kumsikia mwenzake.

Mshauri nasaha,
Tanga