Njia ya kutoka kitandani hadi chooni: harambee ya nyumba 40 za Mji wa Kale

Ndugu, jamaa na majirani, mlioko hapa Mombasa na mlioko Dubai, Muscat, London na kwingineko, assalamu alaykum. Majirani wetu wa dini nyingine, hamjambo. Tunawaandikia kuomba mchango wa kutengeneza nyumba 40 za wazee wetu wasianguke ndani, lakini kabla sijataja pesa naomba mnisikilize kidogo kuhusu mamangu.

"Sikuanguka, mwanangu, niliteleza tu." Ndivyo alivyoniambia alfajiri ile nilipomkuta sakafuni, kati ya mlango wa chumba chake na mlango wa uani. Alikuwa pale tangu saa nane za usiku. Leso imelowa, na kando yake limelala jerikeni la maji tulilolipanga ukutani sisi wenyewe, kwa sababu mfereji ulikuwa haujatoa maji kwa siku tatu. Stima nayo ilikuwa imepotea. Mama aliamka kwenda chooni, akapapasa ukuta kama alivyoupapasa miaka yote, na mguu ukakutana na kitu ambacho jana yake hakikuwapo. Hakuita mtu. Wajukuu walikuwa na mtihani asubuhi, akaona si vizuri kuwakatiza usingizi.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, lakini barazani hakurudi. Yeye aliyekuwa akitoka kila alasiri kwenda kuwajulia hali wagonjwa wa mtaa mzima, sasa akiona kizingiti husimama na kutetemeka. Jeraha lilipona kabla ya hofu, na hofu ikamfunga ndani. Na asiyetembea miguu yake hudhoofika, na miguu ikidhoofika kuanguka mara ya pili kunakuwa karibu zaidi kuliko mara ya kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu: kwa siku hizo chache, nyama ya miguu yao ilipungua kwa karibu kilo moja. Mama alilala wiki sita.

Kikundi chetu cha akina mama kilianza kwa kuweka akiba na kusaidiana misibani. Baada ya jambo la mama tukaanza kupita kwa wazee wa Kibokoni, Kuze na Makadara kuwauliza kama wamewahi kuanguka ndani ya nyumba. Karibu wote walisema la. Tukabadilisha swali: je, umewahi kuteleza? Umewahi kujikwaa? Umewahi kushikwa na kizunguzungu ukakaa chini kwa ghafla? Hapo ndipo maneno yalipotoka. Bibi mmoja alituonyesha kifundo cha mkono kilichopinda, akasema alikifunga mwenyewe kwa kitambaa na hakumwambia mtu, kwa kuwa angesema wanawe wangemhamisha kutoka nyumba aliyoolewa nayo. Wazee wetu wanaficha, na wanaficha kwa sababu zenye heshima. Tusipouliza kwa upole hatutajua mpaka siku ya jeneza.

Nasema jeneza bila kutia chumvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Katika ajali zinazoua bila kukusudiwa, kuanguka kunazidiwa na ajali za barabarani peke yake. Wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Barabarani tunaweka matuta na askari. Ukumbini tunaweka jerikeni.

Basi naomba kila anayesoma afanye jambo moja usiku wa leo. Zima taa, keti ukingoni mwa kitanda cha mzee wako, kisha nenda chooni kwa mwendo wake. Utakutana na mkeka uliojikunja pembe. Utakutana na waya wa kuchajia simu, na pengine pikipiki iliyoingizwa ndani isiibwe. Nyumba zetu za mawe zina vizingiti vilivyoinuka, na wengi wetu tunavivuka bila kujua kwamba tunavivuka, kwa kuwa miguu yetu bado inanyanyuka. Kisha uani: sakafu ya saruji iliyong'arishwa, mtu kaoga, maji ya sabuni hayajakauka, na champali zimelika soli. Ndani ya choo hakuna pa kushika. Mtu wa miaka 75 anachuchumaa, halafu atanyanyuka kwa kushika nini? Hushika ndoo. Wengine hushika bomba la mfereji, nalo hung'oka.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka bwana mmoja wa Kuze aliponionyesha. Ni udhu. Kuosha miguu kwenye sinki kunamtaka asimame kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyolowa, mara tano kwa siku, na ya Alfajiri akiwa ametoka usingizini mwili haujakaa sawa. Amefanya hivyo tangu utotoni na hataki kuambiwa aache. Wala hahitaji kuacha. Anahitaji kigoda kipana cha kukalia na bomba la kushika ukutani, basi. Aliponionyesha jinsi anavyojishikilia kwenye ukingo wa sinki kwa vidole viwili, nililia mbele ya watu.

Sitasema kila kuanguka kunatokana na nyumba. Macho yenye mtoto wa jicho hayaoni ngazi ya mwisho. Baadhi ya dawa za presha humshusha mtu presha anaposimama ghafla, ndiyo maana tunawafundisha wazee kukaa ukingoni mwa kitanda, kuchezesha vifundo vya miguu, kisha kusimama. Vidonge vya usingizi huuacha mwili mzito usiku kucha. Vidonge vya kutoa maji mwilini vikimezwa jioni humwamsha mtu mara tatu kwenda chooni. Mzee asiache dawa yake kwa maneno yangu, lakini mchukulie dawa zake zote kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari au mfamasia, umwambie: huyu anasikia kizunguzungu, hizi zinaenda pamoja kweli? Kufanya hivyo hakuhitaji harambee.

Linalohitaji harambee ni nyumba. Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulitoa mapitio mwaka 2023 yaliyoonyesha kuwa kuondoa hatari za nyumbani kunapunguza kuanguka kwa kiasi cha 26 kwa 100, na kwa wazee walio katika hatari kubwa, kama walioanguka karibuni, kiasi cha 38 kwa 100. Sioni dawa ya bei hii inayofanya hivyo.

Tumeshatengeneza nyumba 6 kwa pesa za mifuko yetu, na tumejifunza kwa makosa. Bomba la kwanza tulilifunga kwa skrubu fupi, na siku ya pili liling'oka na kipande cha ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu yake ya juu ni laini, haibebi uzito wa mtu. Bomba lisiloshika vizuri ni baya kuliko kukosa bomba, kwa sababu mzee huliamini. Sasa fundi wetu hutumia bolti ndefu zinazofika kwenye jiwe lenyewe, na ukuta ukiwa umechoka sana husimamisha bomba kutoka sakafuni mpaka darini. Kosa la pili lilikuwa chuma cha bei rahisi. Upepo wa bahari ulikila ndani ya miezi michache, kikaota kutu na kukwaruza mikono. Tumehamia chuma kisichoshika kutu, na ndicho kinachopandisha gharama. Wenye wasiwasi kuhusu urithi wa mji wetu watulie: kazi yote iko ndani ya nyumba, milango ya nakshi na roshani hatuzigusi.

Kila nyumba inagharimu shilingi 14,500. Mabomba matatu pamoja na bolti na kuchomelea ni 7,800: moja chooni, moja pa kutawadhia, moja ngazini au kwenye kizingiti kirefu. Fundi na msaidizi wake 3,000. Taa mbili za sola zinazojiwasha mtu akipita, hata stima ikipotea, 1,800. Kigoda cha udhu 900, mkeka wa mpira wa bafuni 600, na saruji ya kulainisha kingo zilizobomoka 400. Kwa nyumba 40 inakuwa shilingi 580,000. Mkononi tuna 118,000. Tunatafuta 462,000.

Wako watakaouliza kwa nini kila familia isijilipie. Mzee wa miaka 70 kwenda juu anayepokea pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Nyumba moja ni zaidi ya miezi saba ya pesa hizo, asile, asinunue dawa, asilipe maji ya mkokoteni. Tumeanza na wanaoishi peke yao, na wanaoishi na wajukuu ambao bado wako shule. Familia zenye uwezo zitajilipia, na fundi wetu atawapimia bure.

Wapo pia waliotuambia kwamba ajali ni kadari. Na sisi twaamini kadari. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tukatawakali, yaani tumwachie Mungu. Bomba ukutani ndiyo kamba ya ngamia wetu. Mwenye kutaka sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake haikatiki, asiwaze kisima peke yake: bomba hili litashikwa alfajiri baada ya alfajiri, na baada ya bibi mmoja litashikwa na mwingine.

Pamoja na mabomba tutaanzisha mazoezi ya miguu uani kwa madrasa, mara tatu kwa wiki, wanawake asubuhi na wanaume baada ya Alasiri. Binti wa mtaani mwenye taaluma ya fiziotherapia amejitolea kufundisha: kunyanyuka kitini bila kutumia mikono, kusimama kisigino mbele ya kidole, kutembea kinyumenyume ukishika meza. Mazoezi ya namna hii, ya usawa na nguvu, ni miongoni mwa mambo yaliyothibitika zaidi kupunguza kuanguka, na hayagharimu ila mahali pa kukaa na mtu wa kuhesabu. Mama amekubali kuja. Amesema atakaa nyuma, karibu na ukuta.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala ya Alasiri, katika uwanja wa madrasa. Kahawa tungu itakuwapo, na kaimati za akina mama. Njooni na wazee wenu, maana wao ndio watakaosimama kueleza. Mlio mbali, mwombeni mweka hazina wetu namba ya M-Pesa ya kikundi, na msitume pesa kwenye namba ya mtu binafsi hata kama mtu huyo ni mimi. Kila Ijumaa tutabandika kwenye mlango wa madrasa orodha ya kilichoingia, kilichotoka na nyumba iliyomalizika. Majina ya wazee hatutayabandika.

Asiye na pesa ana mengi ya kuleta. Fundi wa kuchomelea atupe siku moja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi atupe bolti kwa bei ya jumla. Vijana, toeni pikipiki ukumbini na mjaze maji kwenye pipa lililo uani, si kwenye majerikeni njiani. Na kila mwenye mzazi amuulize leo kama ameteleza, halafu anyamaze asikilize jibu lote.

Nyumba ya kwanza kwenye orodha iko Kuze, ghorofa ya pili. Ngazi ni 19, nyembamba, zinageuka mara mbili, na pa kushika hapana. Bibi wa humo ana miaka 81, na tangu mfungo wa Ramadhani hajashuka chini. Fundi ameshapima na kukata mabomba, yamelala dukani kwake. Tunasubiri pesa za bolti na siku zake mbili.