Side, mtungi usiuache juani

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, mwezi wa pili

Ndugu yangu Side,

Salamu sana. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Mwezi wa pili wa Dar unaujua: mtu unatoka kuoga, taulo halijakauka jasho limeshaanza. Mama anakusalimia na anauliza ule mchele wa Kilombero ulioahidi umefia wapi njiani.

Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote saba, nyingine mara mbili maana ulikuwa unaongea huku unacheka. Kumbe kweli umeununua mtungi wa nosi, ile gesi ya kuiongezea Mark X yako nguvu. Nikaona tukiongea kwa simu utasikia unachotaka kusikia, kama kawaida yako, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii naifunga kwenye boksi la plagi za injini, itakuja na basi la asubuhi kutoka Mbezi. Isome mpaka mwisho ndipo ushike spana.

Kwanza nikutoe kwenye jambo moja. Ulisema hiyo gesi inawaka kama petroli. Haiwaki. Naitrasi oksaidi, hiyo mnayoiita nosi, yenyewe si mafuta. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 23 kwa uzito, gesi hii ina 36. Ikiingia kwenye silinda na kukuta joto la nyuzi 300 hivi inavunjika, oksijeni inaachiwa huru. Halafu inatoka mtungini ikiwa kimiminika, na kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inaipoza hewa inayoingia. Hewa ya baridi hujazana zaidi mahali padogo. Wajerumani waliitia kwenye ndege zao za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kule juu ambako hewa ni nyepesi na injini inahema kama sisi wawili siku ile tuliyopanda Uluguru na ndoo ya ubwabwa.

Sasa tulia, maana hapa ndipo nilipoungulia mimi.

Unaikumbuka Altezza yangu ya kijivu? Watu niliwaambia nimeiuza kwa sababu ya ada ya mtoto. Hata wewe nilikuficha. Ile gari niliiua mwenyewe. Nilinunua vifaa vilivyokwishatumika, mtungi, solenoidi mbili (valvu zinazofunguliwa kwa umeme), nozo ya kupulizia na kimfuko cha jeti, vile vitundu vinavyopima gesi ipite kiasi gani, nikafunga jeti ya kuongeza nguvu za farasi 75 kwa kuwa ile ya 50 niliiona ya kitoto. Pampu ya mafuta ilikuwa ileile iliyotoka nayo Japani, na filta sina hakika kama iliwahi kuguswa. Mara ya kwanza gari lilinigandisha kwenye kiti mpaka nikapiga kelele peke yangu. Mara ya pili, tamu zaidi. Mara ya tatu nikasikia kitu kama bisi zinakaangwa kwenye sufuria yenye mfuniko, ta-ta-ta-ta, hata sekunde mbili hazikufika. Moshi wa bluu nyuma, gari likaanza kutetemeka kama bajaji ya mkopo. Tulipofungua kichwa cha injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kidogo kilipita, kingo zake zimeyeyuka laini kama nta.

Gesi haikukosea. Pampu ilizidiwa. Oksijeni ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke kwa kipimo chake, na pampu ile kongwe haikuwa na cha kuongeza. Presha ya mafuta ikashuka huku gesi ikiendelea kumiminika, mchanganyiko ukawa mkavu, yaani petroli kidogo kuliko oksijeni, joto likapanda, petroli ikawa inajilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Hizo ndizo bisi nilizosikia. Kuna kiswichi kidogo cha presha kinachofungwa kwenye njia ya mafuta: presha ikishuka tu, kinaikatia solenoidi ya gesi umeme. Kilikuwepo kwenye vile vifaa. Nilikiona, nikakirudisha kwenye boksi kwa sababu sikutaka kukata nyaya usiku. Mpaka leo nikikikuta kwenye droo nakigeuza upande wa pili nisikione.

Nirudi kwenye Mark X yako. Hiyo ni injini ya 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5, farasi 215 ilipotoka kiwandani, na mgandamizo wake ni 12 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa mpaka sehemu moja ya kumi na mbili. Mgandamizo wa juu namna hiyo maana yake injini tayari inaishi karibu na ukingo. Ukiiongezea oksijeni unaisogeza zaidi. Tena petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, manifoldi yake, yale mabomba ya kuingizia hewa, ilitengenezwa kupitisha hewa tupu. Wewe umenunua mfumo tunaouita wa maji, yaani ule unaopuliza gesi pamoja na petroli kwenye njia ya hewa. Ukiufungulia injini ikiwa kwenye mizunguko midogo, petroli itatuama kwenye kona za manifoldi, na siku moto ukirudi nyuma utaokota vipande vya plastiki kutoka kwa jirani. Mfumo mkavu, unaopuliza gesi tu, nao unataka kompyuta ya gari ielekezwe iongeze mafuta, na hiyo si kazi ya fundi wa kubahatisha.

Sisemi haiwezekani. Nasema kwa gari hilo mimi nisingevuka farasi 50, na nisingefunga hata hiyo kabla ya kupima mgandamizo wa silinda zote sita, kusafisha valvu (4GR zinajulikana kwa masizi, petroli haipiti pale kuziosha), na kupima presha ya mafuta injini ikiwa kwenye kazi, siyo ikiwa imetulia gereji. Kama silinda moja imeshuka kuliko wenzake, uza mtungi, nunua tairi nzuri.

Siku ya kufunga, waya ndio utakaokulinda kuliko mguu wako. Gesi isifunguke mpaka pedali ya mafuta iwe imekanyagwa mpaka chini na injini imevuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Pia ijifunge kabla hujafika pale kompyuta inapokata mafuta kuizuia injini isizidishe mizunguko. Hili wengi hawalifikirii: kompyuta inakata petroli, gesi bado inaingia, na hapo umeshapata ukavu wangu wa Altezza bila hata pampu kuchoka. Kwa hiyo usinifungie kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba kama kwenye sinema. Muda wa kuwasha cheche nao urudishwe nyuma, desturi ya mafundi ni kama nyuzi mbili za mzunguko wa injini kwa kila farasi 50, kwa sababu mchanganyiko wenye oksijeni nyingi unaungua haraka. Plagi nilizokutumia ni za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinatoa joto haraka, uwazi wake nimeuweka milimita 0.8. Usiuguse.

Na joto hili sasa. Wenzetu wa nchi za baridi hununua blanketi la umeme la kupasha mtungi ili geji ya presha isome kati ya psi 900 na 1,000. Sisi Dar tuna blanketi la Mungu. Gesi hii ikifika nyuzi 36.4 hakuna tena kimiminika mtungini, hata uugandamize vipi, na kuanzia hapo presha inaruka. Nyuzi 36 ni nini kwa gari lililofungwa vioo saa saba mchana Kariakoo? Humo ndani hamsini inapita bila hodi.

Mwaka juzi jamaa mmoja tunayefanya naye kazi aliegesha hivyohivyo, mtungi umelazwa nyuma ya kiti. Ule mtungi ulikuwa umejazwa kupita kiasi, maana aliyeujaza alikisia kwa kuupiga konzi akisikiliza mlio, kama mtu anayechagua tikiti. Kimiminika kikipata joto kinatanuka, na kama hakuna nafasi iliyobaki juu, kinasukuma chuma. Bahati njema valvu ina kisahani cha usalama, kikapasuka chenyewe kabla ya mtungi. Kishindo kile! Wamachinga waliacha viatu, siyo vya kuuza, vya miguuni mwao. Gari lilijaa ukungu mweupe kama limeingia wingu. Mtu angekuwa amelala humo ndani asingeamka, kwa sababu gesi ile ingeifukuza hewa yote ya kuvuta. Basi wewe pima mtungi kwa mizani: uzito mtupu umegongwa kwenye chuma, na wa ratili 10 unachukua kilo nne na nusu za gesi, basi. Pale kwenye kisahani unganisha bomba litokee nje ya gari, chini. Mtungi ukae buti, umefungwa kwa mabano na boliti zilizoshika bodi, siyo kwa mpira wa tairi kama gunia la mkaa. Ulaze kichwa kikielekea mbele na kimeinuka kidogo, lebo juu, ili gari likichomoka kimiminika kirudi kule mrija wa ndani unakonyonya. Ukiegesha kutwa, ushushe uuweke kivulini.

Usipake grisi wala oili kwenye nati zake hata kama zinalia. Kitu kinachobeba oksijeni kwa presha hakikai na mafuta.

Hapo nimemkumbuka kijana mmoja wa Gerezani aliyeniuliza wiki iliyopita: si tuna mitungi ya oksijeni ya kuchomelea hapa, kwa nini tusitie hiyo, oksijeni si oksijeni? Nilimshika bega nikamkalisha. Naitrasi inakuja na naitrojeni yake, ambayo ndiyo inayotuliza moto usikimbie. Oksijeni tupu haina wa kuizuia. Ningeomba hata wazo hilo usilitaje mbele ya mdogo wako, yule anayefungua redio za watu.

Na naitrasi ile ya hospitali, ya kuchekesha, wala usiikaribie. Ni ya wagonjwa. Hii ya magari kwa kawaida hutiwa salfa dioksaidi kidogo makusudi, mtu akithubutu kuivuta imkabe. Kuna vijana wanajaribu kupuliza puto. Ikizoeleka inaharibu vitamini B12 mwilini, ganzi inaanza vidoleni, na wengine miguu inakataa kutembea. Sikuhubirii, najua si wewe. Namaanisha funga valvu ya mtungi kwa mkono kila ukiacha gari, watoto wa mtaani kwenu ni wadadisi.

Umesema ukija Dar utaipeleka barabara ya Bagamoyo saa nane za usiku kwa sababu panakuwa tupu. Side, pale hapajawahi kuwa tupu. Saa nane ndiyo bodaboda bila taa, ndiyo wauza chipsi wanarudi na toroli, na sheria ya mjini ni kilomita 50 kwa saa ambazo Mark X yako inazivuka ikiwa imelala. Tena hesabu utamu wenyewe: kwa farasi 50, kilo zako nne na nusu zinaisha ndani ya dakika tatu hivi za kukanyaga. Dakika tatu! Mimi nasema tusubiri siku wenzetu wa mashindano watakapofunga eneo, wawe na gari la wagonjwa na mtu wa kizimamoto, nami nitakaa kiti cha pembeni nimekushikia geji. Ukikataa, sifungi hata waya mmoja.

Njoo na gari Jumamosi ijayo, asubuhi, injini iwe baridi tukapime mgandamizo. Mtungi uache nyumbani safari hii, na usije ukampa kondakta aupakie kwenye basi la abiria, nakujua. Mchele wa mama usiusahau, maana akinuna hatutakula wote wawili.

Plagi ziko sita. Zihesabu kabla basi halijaondoka.

Ni mimi,
ndugu yako wa Ilala