Barua kwa Mwanangu: Hati ya Shule Isiende Benki

Kayole, Nairobi
Novemba 17, 2025

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo, ila miguu ya mama yako imeanza kuvimba tena na amekataa katakata kwenda hospitali mpaka mvua ipungue. Ningeweza kukupigia simu huko Kisumu, lakini mara tatu tulizozungumza kuhusu mipango yako simu ilikatwa kabla ya kuagana, na mara mbili aliyekata ni mimi. Ndiyo maana ninaandika.

Jana baada ya ibada mhazini alinivuta kando, pale karibu na tangi la maji, akaniambia kwamba halmashauri ya shule yetu ya kanisa imelikubali pendekezo lako la kukopa ili tujenge ghorofa tatu za sekondari ya juu, na kwamba benki inataka hatimiliki ya kiwanja cha shule iwe dhamana. Aliyasema hayo huku akicheka na kunishika mkono kana kwamba nimepata mjukuu. Mwanangu, hata kazi hujaanza. Barua yako ya uteuzi wa kuwa mwalimu mkuu inasema Januari, nawe tayari umekitia kiwanja mkobani na kukipeleka benki. Nakuomba kama mzazi, na ikibidi nitakuambia kama mmoja wa wadhamini watatu wa mali ya shule ambao sahihi zao zitahitajika: hati ile isiwekwe rehani.

Sikulaumu kwa kutaka shule ikue. Watoto wetu wa gredi ya 9 wanaondoka, gredi ya 10 inaanza Januari hii kwa mara ya kwanza nchini, na wazazi wananisimamisha njiani kuniuliza kwa nini tuwalee watoto tangu chekechea kisha tuwakabidhi kwa wengine. Mpango wako niliusoma mara mbili, na nilijivuna, ingawa sikukuambia. Umezieleza njia zote tatu za masomo, yaani ile ya sayansi na hisabati, ile ya sayansi za jamii na ile ya sanaa na michezo, kwa namna ambayo hata wazee waliosoma mfumo wa zamani kabla ya 8-4-4 waliielewa. Lakini katika kurasa kumi na moja sikuona mahali ulipoandika tutafanya nini muhula ambao nusu ya wazazi hawatalipa karo, na muhula wa namna hiyo huja, kwa sababu wazazi wetu ni mafundi wa Kamukunji, wauza mitumba wa Gikomba na makondakta, si watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Wewe ni mwalimu wa historia, kwa hiyo sitakufundisha habari za mmisionari Krapf na misheni yake ya Rabai. Nitakukumbusha jambo moja tu ambalo mimi nililiona kwa macho yangu nikiwa kijana. Makanisa ndiyo yaliyojenga shule nyingi za nchi hii. Waskoti walikuwa Thogoto tangu 1898, na mwaka wa 1926 madhehebu ya Kiprotestanti yaliungana kuifungua shule ya upili ya Alliance pale Kikuyu. Lakini kwa miaka mingi yalikuwa yakipokea ruzuku ya serikali ili kuwalipa walimu, na kila ruzuku ilikuja na mkaguzi wake na masharti yake. Mwaka wa 1967 ikaundwa Tume ya Huduma za Walimu ya kuwaajiri walimu, mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Elimu iliyoipa serikali usimamizi wa shule, na makanisa yakaamka yakiwa wafadhili wa shule ambazo jana yalikuwa yakizisimamia yenyewe. Silii kwa ajili ya hilo. Nimefundisha miaka mingi katika shule za Baraza la Jiji na ninajua kwamba watoto wengi maskini wasingesoma kama mambo yangebaki mikononi mwa misheni. Ila tangu wakati huo ninaamini kwamba mwenye shule ni yule ambaye, akiacha kupokea au kutoa fedha, milango inafungwa. Ukiipeleka hati benki, mwenye shule yetu atakuwa benki, hata kama kibao cha langoni kina msalaba.

Najua utanijibu nini. Utaniambia kwamba shule huru za Wakikuyu hazikuwa na deni kwa mtu, watu walizijenga kwa michango yao wenyewe, na bado serikali ya kikoloni ilizifunga mwaka wa 1952, hata chuo cha Githunguri. Ni kweli. Lakini wale walinyang'anywa. Hawakubeba hati wenyewe na kupanga foleni mapokezi.

Unakijua kisa cha mwaka wa 1989, shule ilipoanza na watoto kumi na tisa na mabenchi ya kanisa, kwa hiyo nakiruka. Ambacho hukijui, kwa kuwa ulikuwa mdogo na tulikuwa tukiyazungumza usiku, ni kwamba kiwanja kile tulikishikilia miaka ishirini na miwili kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, karatasi ambayo ilikuwa imekunjwa mpaka namba zikafutika. Wazee wawili waliofuatilia hati walikufa kabla haijatoka. Ilipotoka mwaka wa 2011 mchungaji aliisoma madhabahuni, namba ya kiwanja na vipimo vyake, na watu wakapiga vigelegele kana kwamba wanasomewa Zaburi. Sasa haijamaliza hata miaka kumi na mitano nasi tunataka iondoke.

Fikiria pia mwaka wa 2003, serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma. Tulipoteza karibu nusu ya wanafunzi kwa wiki mbili, nasi hatukuwalaumu wazazi. Wengi walirudi baadaye, madarasa ya jiji yalipofurika. Tuliwangoja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutudai. Na mwaka wa 2020, shule zilipofungwa Machi na madarasa mengi yasifunguliwe hadi Januari iliyofuata, kulikuwa na shule ya kibinafsi huko Mwea iliyogeuza madarasa kuwa nyumba ya kuku. Sisi tulipanda sukuma wiki uwanjani. Mama yako hakupenda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia. Lakini hakuna dalali aliyekuja langoni, na walimu waliporudi walikuta madawati yao.

Uliniuliza, katika ujumbe wako wa mwisho, kwa nini ninaogopa benki kama mtu aliyeng'atwa. Ni swali la mwalimu. Mwaka wa 2009, tulipotaka kuweka slabu ya jengo la madarasa ya juu, halmashauri haikuwa na dhamana, na kuna mtu aliyeona kwamba isingekuwa busara kuwaangusha watoto mvua ikikaribia. Ile ploti ya Joska ambayo mama yako huiulizia kila Krismasi haikuuzwa kumlipia babu yako hospitali. Wewe ni mtu mzima, utaelewa. Slabu ile bado ipo na darasa lako la nane lilikaa juu yake. Mama yako bado hajui, na ningependa kumwambia mwenyewe, kwa hiyo barua hii usiisome kwa sauti.

Ninachokuomba ni hiki: anza na maabara moja, ambayo pia watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 wataitumia, na uijenge kwa harambee na kwa akiba, hata kama sekondari ya juu itangoja miaka miwili. Walimu walipwe kabla ya saruji. Niliwahi kuwachelewesha miezi miwili nikidhani wataelewa, na mmoja aliondoka ambaye hatukumpata tena wa mfano wake. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo katika wiki ya mtihani. Siku ile yako ya darasa la tano unaijua. Nilitaka pasiwe na mtu wa kusema kwamba binti wa mwalimu mkuu anapendelewa, na labda hilo lilikuwa jambo dogo kuliko nilivyolifanya.

Paa la jikoni linavuja upande wa sinki. Fundi anataka elfu nane, nami nimemwambia angoje mpaka uje uangalie, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kubishana nao. Uje na ile dawa ya kuchua ya mama yako, ya chupa ya kijani, maana huku imeadimika. Hati ya shule imo katika sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Mhazini aliiomba jana na nikamwambia ufunguo umepotea. Haujapotea. Uje kwanza, tule, kisha tutalifungua sanduku pamoja nawe na mama yako akiwepo.

Ni mimi baba yako.