Kwa wanandoa wa Kusini ambao mmoja wenu ameacha pombe

Wanangu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea,

Mikorosho imetoa maua, na baada ya miezi michache mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yataanza kuanguka. Nawaandikia mapema kwa sababu uraka, pombe ya mabibo, na pesa za korosho huwarudisha wengi waliokuwa wameshaanza kusimama.

Kwanza la uhai. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla akiwa nyumbani. Siku ya kwanza hutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya masaa 48 anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akaona vitu visivyokuwapo. Hayo si mashetani, ni mwili uliozoea pombe, na yanaua. Mpelekeni hospitali: Ligula, Sokoine, Ndanda, yoyote iliyo karibu.

Akishatulia, msitegemee raha mara moja. Kwa wiki nyingi, pengine miezi, usingizi hukatika, hasira huwa karibu, na hamu ya tendo la ndoa hupungua. Mwenzake hudhani ana mtu nje, au husema, "Afadhali ulipokuwa unakunywa." Neno hilo msilitamke kabisa.

Kinachochosha nyumba hizi ni upelelezi. Mtu hajavua viatu, ananuswa mdomo na kupekuliwa mifuko. Naielewa hofu hiyo, lakini haileti imani. Badala yake, kila asubuhi kabla ya kwenda shamba kaeni dakika mbili. Aliyeacha aseme: "Jana sikunywa, na leo nakusudia kutokunywa." Mwenzake ajibu: "Asante. Leo nikusaidie wapi?" Wekeni alama kwenye kalenda, kisha habari ya pombe iishie hapo mpaka kesho. Mpango huu huharibika pale mmoja anapoibua ya miaka iliyopita wakati wa chakula. Aliyeumizwa ana haki ya kusema, na asikilizwe mpaka mwisho, ila mtengeeni siku yake, mbele ya mshenga au ofisa ustawi wa jamii.

Sasa pesa. Malipo ya korosho hayajaingia benki, andikeni: deni la salfa ya kupulizia mikorosho, ada, chakula hadi msimu mwingine. Nendeni benki wawili, na stakabadhi za AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, zikae mahali ambapo wote mnaziona. Msimfanye mtu mzima aombe hela ya sabuni kama mtoto. Hapo ndipo anapoanza kuficha. Mpeni jambo moja, tuseme ada: alipe mwenyewe, alete risiti. Likienda sawa, ongezeni la pili.

Mama unayeuza uraka, hapa nasema na wewe. Najua umesomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini juisi ya mabibo ikilala usiku mmoja tu imeshachachuka, na mtu aliye miezi ya mwanzo hawezi kulala chumba kimoja na ndoo ile. Hata mabibo yaliyotenganishwa na korosho yasirundikwe uani. Hasara ya kuacha kuuza uraka iingizeni kwenye hesabu za msimu, isiwe mzigo wako peke yako. Kwenye unyago na harusi nendeni pamoja, kuleni, ondokeni mapema.

Kuteleza kunatokea. Kubalianeni leo, mkiwa watulivu: aseme siku hiyo hiyo, nani apigiwe simu, na akirudi amelewa alale wapi. Akinywa siku kadhaa mfululizo, kuacha tena kufanyike hospitali.

Na palipo na kipigo, siwashauri subira. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzake, awe amelewa au mzima. Aliyepigwa aondoke na watoto kwanza, aende dawati la jinsia polisi. Mazungumzo ya asubuhi yatasubiri mpaka pawe salama.

Mzee wenu,
Newala